Nilivyomsimamia mdogo wangu, barazani hadi mahakamani

"Mwalimu, kwani anayetaka talaka ni wewe?"

Mwenyekiti wa baraza la usuluhishi la kata aliniuliza hivyo mimi nikiwa nimesimama, kidole hewani, nimeshamkatiza shemeji yangu mara tatu. Wajumbe wakacheka. Mdogo wangu, mwenye shauri lake, akainamia kanga. Nikakaa.

Hiyo ilikuwa Morogoro, mwaka 2019. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilishasikia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu wakili kusimama mbele ya baraza la usuluhishi, ila ndugu wa familia anaweza kumsemea mtu wake. Mimi ni kaka mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, tena Mluguru, na kwetu mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Nikajiona nimepata kazi niliyozaliwa nayo. Nilikwenda na mashtaka kumi na moja dhidi ya shemeji, nimeyaandika kwenye daftari kwa mpangilio wa tarehe.

Shemeji ni dereva wa malori. Alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, na kwa miaka miwili alifika nyumbani mara mbili tu. Watoto ni watatu, wa mwisho wakati huo alikuwa na miaka minne. Mdogo wangu alitaka kwenda mahakamani moja kwa moja, nami nilikuwa upande wake, lakini njia hiyo haipo. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upitie barazani kwanza na baraza lishindwe kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache, mfano mwenzi aliyeitwa akagoma makusudi kufika. Nikaona tunapotezewa muda.

Kikao cha pili nilinyamaza. Kulikuwa na mjumbe mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, ambaye hakuuliza hata mara moja nani ana makosa. Alimgeukia shemeji akasema, "Baba, huyu mtoto wako wa mwisho anavaa kiatu namba ngapi?" Shemeji akakohoa. Akaangalia mikono yake. Mwishowe akasema watoto wabaki na mama yao, hilo halina ubishi, na ada atalipa. Bibi akamgeukia mdogo wangu: "Na wewe, ukipewa hiyo karatasi leo, kesho unakula nini?" Akaeleza habari za biashara ya genge lake na hisa zake za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, taratibu, bila kulia. Mimi nilikuwa nimempangia alie.

Tulikaa vikao vitatu. Ndoa haikurudi, na sidhani kuna mjumbe aliyetegemea irudi. Ila tulipotoka mara ya tatu, yale mashtaka yangu kumi na moja yalikuwa yamebaki kitu kimoja cha kugombea: nyumba ya vyumba vitatu waliyojenga pamoja.

Tukapewa barua yenye muhuri. Karani wa mahakama ya mwanzo aliisoma akaturudishia. Barua ilisema tu kwamba wahusika waende ngazi ya juu. Kinachotakiwa ni hati, Fomu Na. 3, inayosema wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wiki mbili zikaliwa kwa sababu ya sentensi moja. Ukipewa karatasi yako, isome palepale kabla hujaaga.

Zile wiki mbili nilizitumia kumtafuta msaidizi wa kisheria. Nilifika kwake na majigambo. Nilikuwa nimesoma habari za Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, shauri la mwaka 1983 ambalo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika mali ya ndoa. Nikamwambia, kwa hiyo tumeshashinda. Akaniuliza, "Na Bi Hawa mwenyewe alipata nini?"

Sikujua. Hakupata kitu. Mahakama iliikubali hoja yake, halafu ikaona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitapanya, ikasema fungu lake ameshalila. Wanawake wengi waliomfuata wamenufaika na jina lake. Yeye aliondoka mikono mitupu. "Hoja unayo," yule msaidizi akaniambia. "Sasa lete karatasi."

Karatasi yenyewe ilikuwa daftari la VICOBA, lenye madoa ya mafuta ya taa. Ndani yake kulikuwa na mkopo ambao mdogo wangu aliuchukua mwaka 2014, na tarehe yake ilitangulia kwa siku nne risiti ya bati. Tukamtafuta na fundi aliyeezeka.

Mahakama ya mwanzo, katika shauri la madai, inaweza kumruhusu ndugu amsimamie mtu wake akiomba. Mdogo wangu akaomba, hakimu akakubali. Ilipofika zamu yangu kumhoji shemeji, nilianza vibaya. Nilimuuliza, "Kwa nini uliitelekeza familia yako?" Nilidhani nimempiga. Nilikuwa nimemfungulia mlango! Akaongea karibu dakika kumi: barabara za Tunduma, tajiri asiyelipa, mke asiyepokea simu. Hata mimi nilianza kumhurumia. Hakimu aliniangalia juu ya miwani, "Mwalimu, una swali lingine?"

Nikafungua daftari. "Bati zilinunuliwa mwaka gani?" Akasema 2014. "Mwaka huo ulikuwa unaendesha gari la nani?" Akanyamaza kidogo. "Sikuwa na gari." "Ulikuwa na kazi nyingine?" "Hapana." Ulimi ulikuwa unaniwasha nimuulize basi hela ilitoka wapi. Nikaumeza, nikasema, "Mheshimiwa, sina swali lingine." Nadhani ndiyo sentensi bora niliyowahi kusema mbele ya watu.

Kabla ya hukumu hakimu alimuuliza shemeji jambo ambalo mimi, kwa ujanja wangu wote, sikuwahi kulifikiria. "Hiyo nyumba unaitaka ya nini, na wewe una pa kulala?" Akajibu kwamba anaogopa itauzwa, watoto wake waje kuzunguka na vyumba vya kupanga. Mdogo wangu akageuka akamwangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakimu akaahirisha shauri, akatuambia tukazungumze.

Tulizungumza chini ya mwembe, sisi watatu, kwa saa mbili. Mdogo wangu abaki na nyumba, ila asiiuze mpaka mtoto wa mwisho afikishe miaka 18. Shemeji achukue kiwanja cha Mikese na pikipiki. Matunzo ya watoto yatumwe kwa simu kila mwisho wa mwezi, na Jumamosi awachukue. Nilitaka kuongeza vipengele viwili. Mdogo wangu akasema, "Kaka, inatosha." Mahakama iliridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, ikatoa talaka, na makubaliano yetu yakaingizwa kwenye hukumu.

Rufaa ya shauri la ndoa inakatwa ndani ya siku 45. Mdogo wangu alizihesabu, ila si kwa hofu ya rufaa. Lile daftari lilikuwa limepokelewa kama kielelezo, na kikundi chake kilikuwa kinalidai kwa ajili ya mahesabu ya mwisho wa mwaka. Siku ya 46 asubuhi nilikuwa nimesimama dirishani kwenye masjala na barua ya kuomba turudishiwe daftari. Karani akaisoma, akaniangalia.

"Wewe ndiye wakili wake?"

"Kaka yake," nikamwambia.