Tende shavuni

Nyuma ya mlango wa chumba chetu Kigamboni Mama alikuwa akinichorea mistari kwa kipande cha mkaa, mstari mmoja kwa kila funga niliyoifikisha magharibi. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, ukuta wa jirani umejaa picha za wagombea mpaka dirishani. Nilikuwa na miaka 10, na ndiyo mara yangu ya kwanza kujaribu mwezi mzima. Miaka ya nyuma nilifunga zile funga zetu za kitoto, za kunywa maji bombani ukijidai unanawa uso. Safari hii Mama aliahidi shilingi 100 kwa kila mstari. Usiku taa ikizimwa nilikuwa naipapasa kwa kidole kuihesabu, asubuhi nagombezwa kwa shuka lenye masizi.

Wazazi wangu walikuwa wameachana miaka miwili nyuma. Sababu zilikuwa za wakubwa na sitazichimbua hapa. Ninachokikumbuka ni kikao. Wazee wa pande mbili wamekaa mkekani kwa bibi, Ilala, kahawa inazunguka, halafu naitwa niingie. Mzee mmoja akaniuliza nataka kukaa na nani. Ukubwani nimekuja kuisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kukuta swali lile lina mahali pake: kwa mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni heri awe kwa mamaye, na mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake, matakwa yake nayo yanazingatiwa. Vizuri. Mimi nilikuwa na miaka 8, Baba yuko kulia, Mama kushoto, wote wawili wanatazama vikombe vyao. Nikajibu nataka kukaa na bibi. Watu wakacheka. Nikapelekwa Kigamboni kwa Mama, na sikukuu zikagawanywa: Idd ya Mfunguo Mosi kwa Baba, Idd ya Mfunguo Tatu kwa Mama.

Wazee wale walisahau kwamba katika mji huu Idd yenyewe inaweza kuwa mbili.

Tulipokuwa nyumba moja tulifuata mwezi mmoja, ule unaotangazwa redioni baada ya kuonekana hapa nchini. Baba alipohamia Magomeni na kuoa tena, akaanza kuswali msikiti mwingine, na huko walifuata mwezi popote utakapoandama duniani. Mama aliuita "mwezi wa mkewe". Mwaka ule Baba alianza kufunga siku moja kabla yetu, kwa hiyo siku yetu ya 29 kwake ilikuwa ya 30, na mwezi wa Kiislamu hauvuki hapo. Kesho yake ilikuwa Idd kwao hata mawingu yangefunika mbingu yote. Sisi tulikuwa bado tunasubiri redio.

Mchana wa siku hiyo ya 29 Mama alinisindikiza hadi kwenye pantoni. Daraja la Nyerere halikuwa hata ndotoni (limefunguliwa 2016), na kama hukutaka pantoni, ulizunguka Kongowe mpaka mgongo ukuume.

"Ya leo utafuturu kwa baba yako," akasema. "Nitaichora ukirudi. Lakini usiku mwezi usipoandama, kwako bado moja. Usije ukala mchana."

"Na Baba akisema nile?"

"Mwambie, Mama kasema."

Waliolelewa nyumba mbili wanaijua sentensi hiyo, na nyingine ya upande wa pili inayoanza na "Mwambie mama yako". Unaibeba kama kifurushi usichoruhusiwa kufungua, na ukifika unakuta anayekipokea anakukasirikia wewe.

Usiku redio ikatangaza mwezi haujaonekana. Baba akaizima. "Kwenu kesho mnafunga," akasema, kama vile Kigamboni iko nchi nyingine, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa fundi nguo, na kwa fundi usiku wa kuamkia Idd hakuna kulala. Wateja walikuwa barazani mpaka saa 8 usiku, wanadai kanzu na magauni ya watoto. Nililala nikisikia pedeli.

Alfajiri aliniamsha mwenyewe. Gauni langu lilikuwa la mwisho, rangi ya maji ya bahari, lina mfuko pembeni kwa ajili ya pesa za sikukuu. Alinivalisha, akapiga magoti kurekebisha upindo, pini tatu kabana midomoni. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Pembeni yake palikuwa na kisahani chenye tende tatu. Akakisogeza kwa kiwiko.

"Kula," akasema kupitia pini. "Ndiyo sunna kabla ya kwenda kuswali. Leo kufunga ni haramu."

Sentensi ya Mama nilikuwa nayo tayari. Niliitazama ile mikono, kidole cha shahada kimetobolewa na sindano, nikaona siwezi. Nikaweka tende moja mdomoni. Mbili nikazibana kiganjani.

"Umemeza?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikuwa nimemeza. Niliisukuma ikakaa kati ya shavu na ufizi, na kwa akili yangu ya miaka 10 kitu ambacho hakijapita kooni hakijaliwa. Tukatembea hivyo hadi uwanjani, watu wanaleta takbira njia nzima na mimi nimefumba mdomo. Tende ikianza kuyeyuka haina adabu. Utamu ulikuwa unavuja, mate yanajaa, na mate nayo nikawa nayazuia. Mama mdogo, mke wa Baba, akadhani jino linaniuma.

Rakaa ya kwanza ya swala ya Idd ina takbira saba baada ya ile ya kuingilia swala. Nilifika ya nne. Ya tano ilipoletwa nikameza, bila kuamua, kama unavyopiga chafya. Ilibaki kokwa chini ya ulimi.

Katika madrasa tulifundishwa kwamba mtoto ambaye hajabaleghe kalamu haimwandikii makosa. Lakini ustadhi aliyetufundisha hivyo alikuwa na bakora, kwa hiyo sikuliamini sana. Kwa Baba, kufunga siku ile ni haramu. Kwa Mama, kula siku ile ni haramu. Rakibu na Atidi, malaika wanaoandika matendo ya mtu, wako mabegani mwangu, nikawa najiuliza wao wanafuata mwezi upi.

Baada ya hapo nilikula. Lazima niseme ukweli, nilikula sana. Baba alipika pilau mwenyewe uani kwa kuni, alikuwa akiitwa kupika mpaka kwenye shughuli za watu, na mimi nilishajiambia kwamba funga ikishavunjika haivunjiki mara ya pili. Niliongeza sahani. Nilikwenda Mnazi Mmoja na watoto wa mtaani, nikapanda bembea, mfuko unalia sarafu.

Alasiri Baba akanirudisha Magogoni. Harufu ya samaki kutoka sokoni, foleni ya magari mpaka barabarani. Akanikatia tiketi, akanikabidhi kwa mama mmoja muuza samaki aliyekuwa anavuka, kisha akanipa hotpoti iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mpe mama yako, atafuturu nayo. Mwambie..." Akafikiri. "Basi. Mpe tu."

Ndani ya pantoni nilifanya kazi moja. Nilisimama mbele, nikaacha mdomo wazi upepo uingie ili midomo ikauke. Nikausugua ulimi kwa pindo la mtandio mpaka ukawa mkavu. Yule mama wa samaki akaniuliza kama naumwa. Kokwa lilikuwa mfukoni pamoja na pesa, nikalitupa majini.

Mama alikuwa amesimama ng'ambo. Alinitazama midomo kwanza, halafu gauni, halafu hotpoti.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Baba yako hakukulisha?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Niseme kanilisha, nimtie Baba kwenye ugomvi ambao ungefika mpaka kwa wazee Ilala. Au nimkatalie. Lakini "hapana" tupu asingeiamini, maana alimjua Baba kuliko nilivyomjua mimi. Ikanitoka sentensi ambayo sikuipanga:

"Nilimwambia, Mama kasema. Akasema, basi mfuate mama yako."

Mama akasimama. Watu wakawa wanatupita, mabaiskeli, wenye ndoo.

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Mama."

Akajifunga upya kanga kiunoni, kanga yenyewe ya kampeni, akachukua hotpoti mkononi mwangu. Hatukuongea mpaka nyumbani.

Adhana ilitoka saa 12 na robo. Nilikunywa uji kwa pupa ya mtu aliyeshinda na njaa, tumbo limejaa pilau mpaka kooni. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyoipata siku ile, na ilitosha. Mihogo ya nazi iliyokuwa mbele yetu Mama hakuigusa. Alifungua hotpoti, akaonja kwa ncha za vidole. "Bado anazidisha bizari," akasema. Akala yote. Akapangusa na ubavu wa chombo kwa kidole.

Kisha akachukua mkaa, akaenda nyuma ya mlango, akachora mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa haki. Akanihesabia shilingi 3,000 za sarafu kutoka kwenye kopo la mauzo ya vitumbua. Hadi leo sijamwambia.

Idd yetu ilipita, sina cha kuisimulia. Jumatatu yake nikaamua kulipa ile funga kimyakimya. Niliamka bila daku, chai nikaikwepa. Nilirudi shule mchana, Mama yuko barazani anakaanga vitumbua na jirani kaja kununua, akaninyooshea kimoja cha moto. Nikasema nimefunga.

"Umefunga?" Akanitazama. "Sita?"

Kama msomaji hajui, baada ya Idd ya Mfunguo Mosi ziko funga sita za sunna, na wakubwa wengi zinawashinda. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na jibu lingine.

Jirani akashika shavu. "Makubwa! Mwezi mzima, na sita juu? Mtoto huyu kamrithi nani?"

Mama akageuza kitumbua, akageuza kingine. Tangu tuhamie Kigamboni sikuwahi kumsikia akimtaja Baba kwa heri mbele ya mtu.

"Baba yake," akasema. "Yule bwana ana yake mengi, lakini kwenye dini ya Mungu hamwingilii mtu."

Nikaomba ruhusa nikalale. Zilikuwa zimebaki tano.