Tembo wa Ostia Antica

Jana nilikuwa naondoka Roma. Ndege saa mbili usiku, hoteli nayo inataka nitoke chumbani saa nne asubuhi. Badala ya kwenda kukaa uwanja wa ndege wa Fiumicino siku nzima, nikapatana na dereva wa teksi tupitie Ostia Antica, magofu ya bandari ya kale ya Roma, ambayo hayako mbali na uwanja. Mabegi yalibaki kwenye buti, akakubali kunisubiri. Pasi na simu nilitembea navyo mwilini, hapo sikutaka kubahatisha.

Jamani, pale ni mji mzima! Barabara za mawe, ukumbi wa michezo, maghala. Zamani ulikuwa kwenye mdomo wa mto Tiber, leo bahari imerudi nyuma, imeuacha nchi kavu. Nyuma ya ule ukumbi kuna uwanja uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara, na sakafuni wamepanga vijiwe vyeusi na vyeupe kuchora meli, samaki, mnara wa taa. Halafu nikamwona tembo. Ni alama ya wafanyabiashara wa Sabratha, mji ulioko Libya ya leo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwafrika mwenzangu, karibu miaka 1,800 yuko pale sakafuni!

Kengele niliyoitega kwenye simu ndiyo iliyonitoa. Saa kumi na moja kasoro nilikuwa uwanja wa ndege, viatu vimejaa vumbi, nina furaha tele.