Siku moja maishani mwangu: bashi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo

Saa 12 asubuhi. Nimeshakunywa chai, nangoja chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mlangoni. Kijana anayeniletea miti ya mikaratusi ameshuka nayo kutoka Kibumba, na leo kama kawaida ameongeza bei njiani. Tunabishana, tunacheka, ninalipa.

Siku za wiki mimi ni seremala. Jumamosi nawafundisha vijana wa mtaa wetu, huku Majengo, kusimamisha kibanda cha dharura kwa bashi, yaani turubai. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna anayeuliza mafunzo haya ni ya nini. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Mei 2021 ilisimama Buhene, hapa jirani, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama. Watu walijaa njia ya Sake, wengine wakalala nje na watoto huku bashi lipo kichwani, limekunjwa, maana hawakujua walifunge wapi.

Saa 2. Kuchagua mahali. Kijana mmoja ananionyesha kishimo kizuri: "Yaya (yaani kaka mkubwa), hapa upepo haufiki." Ndiyo sababu sipataki. Pande za Mugunga na kandokando ya ziwa kuna mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni, na usiku au alfajiri pasipo upepo huua mtu usingizini. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Majengo si huko, lakini anayekimbilia Sake anapita hukohuko. Ukikuta ndege au panya wamekufa shimoni, ondoka. Lala juu, hata kama baridi inauma.

Saa 3. Mambo ya vitabuni yanakwama hapa. Vitabu vinasema pigilia vigingi. Jaribu kupigilia kigingi kwenye lava iliyoganda uone kitakachovunjika kwanza. Sisi tunasimamisha miti miwili mirefu kuliko mtu na kurundika mawe shinani mpaka ikatae kutikisika. Kati yake tunavuta kamba ya mgongo, kisha kila mti unashikwa kwa kamba mbili za nje. Mwisho wa kila kamba tunafunga kijiti, tunakilaza chini, tunakibebesha mawe. Kamba ikivutwa, kijiti hukwama nyuma ya mawe. Lava ina makali, kwa hiyo panapogusana na kamba tunaweka kitambaa.

Vijana wanapenda kufunga kila kitu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kwa kuunga miti, sawa. Kwa kamba ya mgongo, nakataa: mpira hurefuka, paa linabonyea, maji yanatuama.

Saa 5. Bashi letu ni la mita 4 kwa 6, kipimo kilekile kinachogawiwa na mashirika. Matundu ya pembeni yamechanika, wala si tatizo. Unaweka kokoto la mviringo ndani ya kona, unalizungushia bashi, unafunga kamba chini yake kama shingo ya gunia. Hushika kuliko tundu. Upande unaotoka upepo tunaushusha karibu na ardhi. Mlango unautazama upande wa pili.

Saa 7. Fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mama mmoja anapita, anauliza kama atapikia humo ndani. Hapana, mama. Bashi linashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Jiko likae nje, upande ambao upepo haurudishi cheche.

Saa 8 na nusu. Mvua, tena ya kweli. Paa linamwaga vizuri, ila maji yanatembea juu ya kamba ya mgongo na kuingia mpaka kwa waliokaa. Tunafunga uzi mfupi kwenye kamba, hatua moja nje ya paa, ukining'inia. Maji yanafika pale, yanashuka. Chini tumetandaza mchanga mweusi, nyasi na kipande cha plastiki tulichokipandisha kingo, kwa hiyo hakuna aliyelowa matako.

Saa 11. Jua limerudi kidogo. Tunafungua, tunaanika bashi kwanza, maana likikunjwa bichi huota ukungu. Kijana wa yaya-hapa-upepo-haufiki anaomba alichukue akafunikie makala, yaani makaa, ya mama yake. Nimempa. Jumamosi ijayo alirudishe likiwa safi, na kamba zake zote.