Namba tisa

Nilianzia Kalenga kwa sababu mchoraji niliyekuwa naenda kumwona Mbeya aliniambia nianzie huko. "Dada, usije Mbeya moja kwa moja," alisema kwenye simu. "Pita kwanza umsalimie mzee, ndipo uje uone kazi yangu." Mzee ni Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kutoka Iringa mjini ni kilomita 15 hivi, barabara ile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na asubuhi ya mwezi wa saba baridi ya kule inauma masikio hata ukijifunga mtandio.

Mimi ni Mhehe. Ile nyumba ya makumbusho nimeingia mara nyingi, tangu tukipelekwa na walimu, na hadi leo nikisimama mbele ya lile sanduku la kioo lenye fuvu lake sauti inashuka yenyewe. Fuvu ni dogo kuliko jina lake. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwezi wa kumi 1894, lakini mwenyewe aliwahangaisha porini karibu miaka minne mingine, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili wasimkamate akiwa hai. Wakakikata kichwa, kikaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kizima, cha 246, kinachotaka fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi 1954. Kutoka kwenye karatasi hadi Kalenga ni miaka 35.

Nilipanda basi la Mbeya Igumbilo saa nne, nikapata kiti cha dirishani. Mafinga ilipita na mbao zake, misonobari imejipanga pande zote mbili. Makambako abiria wa Njombe wakashuka, wauza mahindi ya kuchemsha wakapandisha ndoo zao hadi usawa wa madirisha. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremkia Usangu, na kila mtu anavua sweta.

Kabla ya Igawa tulipata pancha. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja, na sikujuta, kwa sababu nilipata kuyatazama malori. Barabara hii ndiyo inayokwenda Tunduma, ikavuka Zambia hadi Lubumbashi. Yalipita mfululizo, yenye namba za Kongo, za Zambia na za kwetu, mengine yamefunga shaba kwenye tela. Nikawa naangalia madigadi yao. Simba. Yesu. Mchezaji wa mpira. Jina la mtoto. Moja lilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere, rangi imebabuka shavuni kwa kokoto.

Nikamkumbuka mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa huko huko Lubumbashi, ambaye miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake, picha karibu mia moja, kwenye vitambaa vya mifuko ya unga. Lumumba, waziri mkuu wao wa kwanza, yumo, tena zaidi ya mara moja. Aliieleza kazi yake kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, na inanisikitisha kwamba sisi wenye lugha hiyo hatumfundishi shuleni. Tumezoea kuambiwa kwamba sanaa ya siasa ni ya watu wa mbali.

Uyole tulifika jua likiwa linazama, baridi imerudi. Nililala gesti ya Mwanjelwa, na asubuhi mchoraji akanifuata kwa miguu. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, vidole vina rangi kwenye kucha. Ameomba nisiandike jina lake. Anaishi kwa kuandika mabango ya maduka, na kampeni zikifika huchora nembo na sura kwa chama chochote kinacholipa. Hataki mteja aanze kumhesabu yuko upande gani. Nilimwelewa.

Anachorea nyuma ya saluni ya kiume, kwenye uchochoro unaonuka tina na nywele zilizoungua mashineni. Anatumia rangi ya mafuta, na turubai zake ni mifuko ya salfeti iliyopasuliwa na kushonwa. Alinifungulia mmoja. Mao Zedong mara sita, mistari miwili ya tatu tatu, kila uso na rangi yake, na chini ya nyuso treni ya TAZARA inakatiza milima.

"Hii nimemjibu Mmarekani," akasema. Alikuwa anamsema Andy Warhol, yule aliyechora makopo ya supu mwaka 1962, makopo 32 yanayofanana kama yalivyopangwa dukani. Mwaka 1972 akaanza kuchora Mao: akaichukua ile picha ya kwenye kitabu chekundu, akaikuza, akaipaka midomo na mashavu kama ya bango la vipodozi. Ndiyo sanaa ya pop hiyo: unachukua sura iliyochapishwa mpaka watu wameacha kuiona, unairudia mpaka waione tena. "Sasa dada, miaka ile ile anampaka Mao lipstiki New York, Wachina walikuwa hapa wanalaza reli. Babu yangu alikuwa nao, anavunja mawe. Kwa Mmarekani Mao alikuwa picha. Kwa babu alikuwa kazi."

Reli ilianza kujengwa 1970, ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nimesoma mengi kuhusu reli ile. Hakuna lililonikaa kama sentensi hiyo ya babu yake.

Lakini alichoniitia hakikuwa kwenye salfeti. Kilikuwa kimetundikwa ndani ya saluni, ukutani, juu ya kioo.

Kila mtu anaujua ubao wa kinyozi: vichwa tisa, kila kimoja na namba, denge, panki, kipara, unaonyesha kwa kidole unanyolewa. Wake una vichwa tisa pia, vya viongozi wa Afrika. Namba 1 Nyerere, na mvi zake. Namba 2 Nkrumah, paji limepanda. Namba 3 Lumumba, miwani, kidevu chenye ndevu chache, na ule mstari uliochongwa kwenye nywele. Namba 4 Kaunda, nywele zimechanwa kwenda juu. Mandela, kijana bado. Machel na ndevu. Sankara ana bereti, na kinyozi aliwahi kulalamika kwamba mteja atachaguaje hapo. Cabral na kofia yake ya kufuma. Namba 9, kwenye mandhari ya waridi kama kanga mpya, ni fuvu la Kalenga ndani ya kioo.

Nilikaa kimya. Halafu nikamwambia ukweli, kwamba imeniuma. Yule ni chifu wetu, ukoo wake upo, na hapa watu wanakatwa nywele chini yake.

Hakujitetea haraka. Alipangusa mikono kwanza. "Mama yangu aliuza mitumba Iringa, nimesoma huko," akasema. "Hao wanane nimewaona kwenye picha tu. Huyu ndiye pekee niliyemwona kwa macho yangu, nina miaka kumi. Ningemwachaje, dada?" Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona: kwenye mdomo wa Lumumba, jino moja limepakwa rangi ya dhahabu. Wabelgiji waliirudishia familia yake jino hilo Juni 2022, ndilo lililobaki, maana mwili uliyeyushwa kwa tindikali baada ya kuuawa Januari 1961. Namba 3 na namba 9 zimepangwa kwenye safu moja, ya kulia. Mmoja alirudi fuvu, mwingine alirudi jino.

Niliuliza mwanamke yuko wapi. Alisema saluni ya kike ya mtaa wa pili imeshamwagiza ubao, na wa kwanza atakuwa Bibi Titi Mohamed. Nimemwahidi nitarudi kuuona, na nitarudi.

Maumivu yangu hayakuisha yote. Ila nilibaki pale kwenye benchi hadi mchana, nikitazama watu. Wengi hawainui macho. Dereva mmoja wa lori, Mkongo, aliinua, akataja majina kuanzia la kwanza, akakwama kwenye la tisa. Kinyozi akazima mashine na kumsimulia, kuanzia Lugalo, Mkwawa alikowashinda Wajerumani 1891. Aliijua yote.

Kisha akaingia kijana wa bodaboda, kofia ngumu mkononi, akakaa kitini na kufungiwa kitambaa. Kinyozi akamuuliza leo tunaweka nini. Kijana akatazama juu, akanyoosha kidole.

"Namba tatu. Ule mstari unyooke."