Kipande cha bawaba kilichoiokoa saa ya marehemu baba

Katika muda usiozidi mwaka mmoja niliipeleka saa ya marehemu baba kwa fundi mara tatu, na mara zote ugonjwa ulikuwa ule ule: kishikio cha kutilia ufunguo kimegongwa, na kile kijiti chake cha ndani, ambacho ni chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimepinda au kimekatika kabisa. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga, upande wa Deep Sea, na kazi yangu ni kuingiza mkono mahali ambapo mkono hautakiwi kuingia, kati ya chuma cha mashine na mbao za boti. Kila ziara kwa fundi saa ilinigharimu elfu kumi na ushee, mbali na maneno.

Maneno yenyewe ndiyo yaliyoniudhi. Fundi saa mwenyewe, mzee wa pale Ngamiani, alinishauri niivae mkono wa kulia. Nikavaa, na kwa kuwa mkono wa kulia ndio ushikao spana, wiki haikuisha kioo kikapata ufa. Mwingine akaniambia niigeuze, uso wake utazame chini upande wa kiganja, kana kwamba kishikio kingehama. Igeuze utakavyo kuuzunguka mkono, kishikio kilicho mkabala na namba 3 kitabaki kimeelekea kiganjani, na ni huko huko kinakogongwa.

Wazo langu la kwanza, nakiri, lilikuwa la kijinga kuliko yao. Nilichanganya supagluu na magadi, nikajenga vichuguu viwili kandokando ya kishikio, vikakauka vikawa kama mwamba, nami nikavipiga msasa mpaka vikang'aa. Nililala nikijiona mhandisi. Asubuhi nilipotaka kuitia saa ufunguo, kishikio hakikuzunguka, kwa sababu gundi ilikuwa imenyonywa taratibu kupitia kile kitundu chembamba hadi kwenye kijiti. Mzee alitumia asetoni ya kuyeyushia gundi na nusu siku nzima, huku akinisomea wasifu wa mafundi wanaojua kila kitu. Vichuguu vyenyewe, nilivyoviacha kwa ukaidi, viling'oka katika kishindo cha kwanza, maana gundi haishiki vizuri kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kikawa kama kioo.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama saa za wenzetu. Rolex waliipa Submariner yao mabega mawili ya chuma pembeni mwa kishikio tangu 1959, na mabega hayo ni sehemu ya bodi yenyewe, si kitu kilichobandikwa. Panerai wa Italia wao walikifunika kwa daraja lenye kiwiko cha kufungulia. Daraja lisingenifaa, kwa kuwa saa yangu hutiwa ufunguo kila alfajiri na sina subira ya kufungua na kufunga. Nilichohitaji ni mabega, na tena yawe yanaegemea bodi, ili kishindo kipite kwenye bodi badala ya kupita kwenye kijiti.

Nilikata bamba kutoka bawaba ya shaba ya mlango mkuukuu, likawa kitako chini ya saa, ncha mbili zikapanda kama mabega, na vimasikio vinne vyenye matundu vikapitishwa pini za mkanda. Mkanda wa milimita 20 ilibidi niupunguze hadi 18 ili vimasikio vipate nafasi. Tupa ilifanya yaliyobaki.

Sikuthubutu kuijaribu kwa saa ya baba. Nilinunua mtumbani saa mfu yenye umbo kama lile kwa elfu chache, nikaivisha kinga. Nimesoma kwamba Kikuo Ibe wa Casio, kabla saa yao ngumu ya G-Shock haijatoka 1983, alikuwa akiziangusha saa zake za majaribio kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu. Mimi sina ghorofa, nilipanda ngazi. Lakini kuangusha tu hakukuambii ni nini kimegusa nini. Sisi wa mashine tukitaka kujua kama vali imekaa vizuri huipaka rangi na kutazama alama inayobaki, basi nami nikachukua rangi ya mdomo ya mke wangu, nyekundu iliyokolea, nikakipaka kishikio.

Saa ilianguka kwenye saruji mara kumi na rangi haikuguswa. Nikaigonga kwenye ubao, rangi salama. Nilikuwa nimeanza kujisifu nilipoigonga kwenye kichwa cha bolti ya namba 13, na pembe ya bolti ikatoka imepakwa rangi kama bibi harusi. Mabega yangu yalikizidi kishikio kwa nusu milimita tu, na rula ilipita juu bila shida, lakini uwazi kati ya bega na bega ulikuwa milimita 6, na pembe ya bolti huingia humo karibu milimita 1.7. Rula imenyooka, bolti ina pembe. Nilitengeneza bamba jingine lenye mabega yanayozidi kwa milimita 2, nikayaviringa upande wa kiganja ili yasinichome ninapokunja mkono, na bolti ikatoka safi. Vidole bado vinakifikia kishikio kutoka juu na chini, ingawa kukivuta ili kurekebisha majira kunahitaji ukucha.

Huu ni mwezi wa nane tangu niivishe saa ya baba kinga hiyo, mabega yamejaa makovu na kijiti ni kile kile. Kero iliyozuka ni jasho na maji ya chumvi kuitia shaba ukijani unaoniganda mkononi, nami nimeuzuia kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, kutoka kwenye meza ile ile ya mke wangu. Deni la rangi ya mdomo nimekwisha kulilipa. Hili la pili bado nadaiwa.