Sabuni ya Maji ya Wanaume na Ngozi Yetu Katika Nchi za Baridi

Ukiishi ughaibuni huwezi kuyakwepa matangazo ya sabuni ya maji ya kuogea ya wanaume. Yamebandikwa kwenye vituo vya mabasi, hukatiza mechi za mpira, na ukilitazama moja kwenye simu, mengine hukufuata wiki nzima. Chupa huwa nyeusi au ya kijivu, jina lake hutokana na mnyama mkali, barafu au radi, na ahadi yake ni kwamba utanukia kutwa. Nilinunua mojawapo ya zile zinazovumishwa zaidi nikaitumia mpaka ikaisha, majira ya baridi yakiwa yamekolea.

Sifa yake niitoe kwanza: inatakatisha vizuri. Mahali ambapo maji ya bomba yana chokaa nyingi, sabuni ya kipande huacha utando mweupe kwenye beseni na mwilini, kwa kuwa inaungana na kalisi iliyomo majini. Sabuni hii ya maji haifanyi hivyo, maana haikupikwa kwa mafuta na magadi. Tena sabuni ya kipande ya kawaida huwa na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5, na nyingi kati ya hizi za maji hutengenezwa zikaribiane na ngozi.

Niligeuza chupa nikasoma maandishi madogo ya nyuma, ambako viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Cha kwanza ni maji. Kinafuata sodiamu laureti salfeti, ambayo ndiyo inayoondoa mafuta na kutoa povu, kisha kiambato kingine cha kuilainisha, kisha chumvi ya kawaida, ambayo kazi yake kubwa ni kuifanya sabuni iwe nzito kiganjani. Nilipoilinganisha na chupa ya wanawake ya kampuni hiyohiyo, mpangilio ulikuwa karibu uleule. Tofauti niliyoiona ilikuwa kwenye manukato na rangi. Ni kweli kwamba ngozi ya mwanamume kwa kawaida ni nene kidogo na hutoa mafuta zaidi, lakini jambo hilo halikubadilisha kitu chochote cha maana ndani ya chupa ile.

Wenye biashara wanajua kwamba wanachouza ni taswira. Mwaka 2010, tangazo mashuhuri la sabuni ya maji ya Old Spice lililoigizwa na mwigizaji Isaiah Mustafa halikuzungumza na wanaume hata kidogo. Liliwaelekea wanawake, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaonunua sabuni za nyumbani. Chapa hiyo, ambayo leo inahesabiwa kuwa ya kiume kabisa, ilianza mwaka 1937 kwa bidhaa za wanawake, na za wanaume zikafuata mwaka 1938.

Kuhusu harufu, bafuni ilijaa pamoja na mvuke, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Sioni ajabu, kwa sababu kitu kinachosuuzwa kwa maji sehemu kubwa yake huishia kwenye mfereji. Harufu ya kwapa hutokana na bakteria wanaovunjavunja jasho, na anayetaka kinga ya kutwa nzima hana budi kupaka dawa ya kwapa baada ya kuoga.

Jambo lililonigusa zaidi ni ukavu. Vipasha joto hukausha hewa ya ndani, maji ya moto huondoa mafuta ya asili, na sabuni yenye povu jingi huongeza kazi hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi matokeo huonekana upesi: miundi inapauka, viwiko vinakuwa vyeupe, mgongo unawasha usiku. Nawasihi ndugu zangu wanaohamia nchi za baridi waoge kwa maji ya uvuguvugu, wasikawie bafuni, na sabuni waipeleke hasa kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni. Mwili ukaushwe kwa kugusagusa taulo, na mafuta mazito yapakwe ungali na unyevu. Chupa ambayo gliserini, kiambato kinachosaidia ngozi kushika unyevu, imetajwa mapema katika orodha ina nafasi nzuri zaidi ya kukufaa, hata kama haijaandikwa kuwa ni ya wanaume. Mwenye pumu ya ngozi au mwasho usiokoma atafute isiyo na manukato kabisa, na mwasho ukiendelea amwone mfamasia au daktari.