Siku Mada Zetu Zilipopunguzwa

Mwezi Novemba 2021, mvua zikiwa zimeshaanza kunyesha Kigoma, sisi tuliokuwa tumedahiliwa kwa masomo ya uzamili tuliitwa kuhudhuria mafunzo elekezi katika kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, kina makao yake makuu Kinondoni, Dar es Salaam, lakini huwafuata wanafunzi mikoani kupitia vituo vyake, na ndiyo sababu mwalimu wa sekondari wa Kasulu kama mimi niliweza kuanza shahada ya pili bila kuomba likizo ya masomo. Nilishuka mjini jana yake, nikalala kwa mama mdogo huko Mwanga, na asubuhi nikaingia ukumbini nikiwa na bahasha ya vyeti kwapani. Walimu tulikuwa wengi kuliko watu wa kada nyingine, ingawa walikuwapo pia wauguzi, maofisa wa halmashauri, na afisa uvuvi mmoja ambaye, bila yeye mwenyewe kutaka, ndiye aliyetufundisha wote siku ile.

Mambo ya usajili yalikwenda haraka. Tulielekezwa namna ya kupata namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontro namba, namna ya kufungua barua pepe ya chuo, na namna ya kuingia katika maktaba ya mtandaoni kwa nenosiri. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu aliandika nenosiri lake katika jalada la daftari kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata mimi ningeweza kulitumia.

Kisha akasimama mhadhiri wa sosholojia, mama wa makamo aliyetuomba tuandike katika vipande vya karatasi mada za tasnifu tulizokuwa tumezijaza katika fomu za maombi. Alizikusanya, akazipitia kimya huku akitikisa kichwa kidogo, akachagua moja na kuiandika ubaoni: "Mchango wa Uvuvi katika Kupunguza Umaskini Tanzania." Akauliza ni ya nani, afisa uvuvi akanyoosha mkono.

"Ndugu yangu, uvuvi upi?"

"Wa Ziwa Tanganyika, Daktari."

"Ziwa hilo lina nchi nne."

"Upande wetu, Kigoma."

"Samaki gani?"

"Dagaa."

"Dagaa wakiwa mikononi mwa nani? Mvuvi, mwanikaji, dalali, au msafirishaji?"

Kila jibu lilipotolewa, mama yule alifuta sehemu ya mada na kuandika maneno machache zaidi mahali pake, mpaka ubaoni pakabaki wanawake wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, yaani ufuko ambako mitumbwi hushusha samaki. Hapo ndipo akauliza swali ambalo kwangu lilikuwa kiini cha mafunzo yote. Alitaka kujua ni jambo gani kuhusu wanawake wale ambalo yeye afisa uvuvi, pamoja na uzoefu wake wote, hakuwa na jibu lake. Mwenzetu alifikiri, kisha akasema kwamba kwa muda mrefu amekuwa akijiuliza kwa nini baadhi yao wanaendelea kuanika dagaa mchangani ilhali dagaa wa kwenye chanja, yaani vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ambao hawana mchanga, hununuliwa kwa bei nzuri zaidi. Serikali na wafadhili wamehimiza chanja, semina zimefanyika, na bado mchanga una watu wake.

"Umekuwa nalo miaka yote hiyo, na kwenye fomu ukaniandikia umaskini wa Tanzania nzima," alisema mhadhiri, na ukumbi mzima ukacheka, mwenye mada akiwa wa kwanza.

Nimehudhuria semina nyingi za walimu, na nyingi kati yake humchukulia mshiriki kama mtu asiyejua kitu. Mama yule alifanya kinyume chake. Alichukua ujuzi ambao mtu alikuwa nao tayari kwa sababu ya kazi yake, akauchimba mpaka akafika pale ujuzi huo ulipokomea, na pale ulipokomea ndipo alipoweka tatizo la utafiti. Hakusema kwamba ndivyo afanyavyo, wala hakutupa kanuni yoyote ya kunakili.

Aliendelea na mwenzetu huyo kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Alimwuliza atakusanya data lini, akajibiwa kwamba ni mwezi Juni, wakati wa likizo yake ya mwaka. Mhadhiri akauliza, "Mwezi ukiwa mchanga au mpevu?" Wengi wetu hatukuelewa, lakini afisa uvuvi alielewa papo hapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Katika usiku wa giza taa huwavuta karibu na wavu, lakini mbalamwezi inapokuwa kali mwanga wa taa hupoteza nguvu, na wavuvi hupumzika nchi kavu wakishona nyavu zao. Maana yake ni kwamba mtafiti akitaka kuhesabu dagaa wanaofika mwaloni atakwenda usiku wa giza, na akitaka watu wenye nafasi ya kuzungumza naye kwa utulivu atasubiri mbalamwezi. Juu ya hayo, Juni ni kiangazi, jua linakausha vizuri, wakati katika miezi ya mvua dagaa huoza kwenye mchanga na kwenye chanja vilevile, hivyo utafiti wa Juni peke yake ungetoa picha ya wakati mwanikaji anapokuwa na raha. Ratiba ya data, ambayo mimi nilidhani ni jedwali la kujaza mwishoni mwa pendekezo la utafiti, iligeuka kuwa sehemu ya hoja yenyewe.

Alipotaka kutueleza umuhimu wa daftari la uwandani hakwenda mbali. Alitukumbusha kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, kaskazini tu mwa mji wa Kigoma, Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na bila shahada yoyote, na kwamba kazi yake kubwa kwa miezi ilikuwa kukaa, kutazama kwa darubini na kuandika. Kwa njia hiyo aliona sokwe akichomeka kijiti cha nyasi katika kichuguu na kukitoa kikiwa na mchwa, wakati ambapo wataalamu waliamini kuwa ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Baadaye Cambridge walimpokea kwa uzamivu bila shahada ya kwanza, na humo humo akalaumiwa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Mwalimu mwenzangu mmoja aliuliza kama basi na sisi tungeweza kuruka uzamili. Mhadhiri alimwambia aanze na miezi ya kukaa mlimani.

Mchana ulikuwa wa vibali, na hapa nilinakili kila kitu. Mwanafunzi hupewa barua ya utambulisho na chuo, huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hupewa nyingine ya kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kutoka hapo hushuka mpaka kwa mkuu wa shule au mwenyekiti wa serikali ya kijiji. Wale wanaogusa afya za watu wana mlango wa ziada wa idhini ya maadili. Muuguzi mmoja aliuliza itakuwaje kama mama anakubali kuhojiwa lakini anaogopa kuweka dole gumba kwenye karatasi, kwa kuwa huko kwao dole gumba huwekwa kwenye mikopo na kesi. Alijibiwa kwamba ridhaa ya mdomo inaweza kukubalika ikiwa utaratibu wake umeelezwa mapema katika pendekezo na kupitishwa, na kwamba hofu ya mama huyo nayo iandikwe, kwa sababu inamwambia mtafiti jinsi watu wanavyomtazama. Muuguzi huyo huyo aliuliza pia kama kutafsiri aya ya Kiingereza kuwa Kiswahili bila kumtaja mwandishi ni wizi. Mkutubi, aliyekuwa ametuonyesha programu ya kupima ufanano wa maandishi, alisema programu inaweza isiuone wizi huo, lakini msomaji wa tasnifu aliyesoma kitabu kile kile atauona ukurasa wa kwanza.

Jioni, kabla ya kurudi Mwanga, nilikaa kibarazani nikaigeukia mada yangu, "Matatizo ya Ufundishaji wa Hisabati katika Shule za Sekondari." Nilijiuliza lile swali la Kibirizi. Kila mwaka mimi hupokea watoto wa kidato cha kwanza ambao nyumbani wamezungumza Kiha, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, na ghafla hisabati inawajia kwa Kiingereza. Nao hupewa mafunzo elekezi ya lugha katika majuma ya mwanzo. Kile ambacho sikuwa na jibu lake ni namna mwalimu anavyochagua, katikati ya swali la maneno ubaoni, ni lini arudi kwenye Kiswahili na ni lini avumilie nyuso zisizoelewa. Niliandika hilo, katika mistari isiyozidi minne.

Afisa uvuvi alimaliza kazi yake ya uwandani kabla ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kama angechelewa, mwezi wake wa Juni usingekuwa na dagaa wabichi wa kuanika, iwe mchangani au kwenye chanja.

Mimi nilipopangiwa msimamizi, barua pepe yake ya kwanza iliniuliza ni shule zipi, ni majuma gani ya muhula, na uwepo wangu nyuma ya darasa ungebadilisha vipi ufundishaji wa watu ninaokunywa nao chai kila siku. Mawili ya kwanza niliyajibu kwa usiku mmoja. La tatu tulilijadili kipindi chote cha kuandika pendekezo, mpaka tukaafikiana kwamba nisikusanye data katika shule yangu, bali katika shule mbili za kata jirani ambako hakuna aliyenifahamu isipokuwa wakuu wa shule walioipokea barua ya mkurugenzi.